Tupeane uzoefu: taa na pozi za studio, ulikosea wapi?

Wakuu, naanza mwenyewe. Nilifungua kachumba Mabatini, Mwanza, flashi moja na softboksi moja (lile boksi la kitambaa cheupe la kulainisha mwanga). Miezi mitatu nzima taa ilikaa pale pale ilipo kamera, inammulika mteja usoni. Uso unatoka bapa kama chapati, paji linawaka kwa jasho. Mama mmoja akaitazama picha yake: "Mwanangu, huyu mbona siyo mimi?" Jioni ile nikaipeleka taa ubavuni, kama nyuzi 45, nikaipandisha juu kidogo ya macho. Kivuli cha pua kikashuka kuelekea kona ya mdomo, shavu likapata umbo. Na poda ya kukausha jasho sasa haikosekani mezani.

Wa Kirumba: Mimi nilidhani taa ikikaa mbali ndiyo mwanga unalainika. Kumbe ni kinyume, softboksi ikiwa karibu ndiyo kivuli kinakuwa laini. Ila kwa kundi, karibu mno ni balaa. Umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo picha yangu ya mahafali safu ya mbele walikuwa weupe pe, wa nyuma giza. Nilirudia kazi bure.

Wa Igoma: Tabu yangu pozi. Wanaume wakikaa tu, mikono magotini, kidevu juu, kama wako polisi. Siku hizi simwambii mtu "tabasamu". Namwambia geuza mabega kidogo, sasa toa kidevu mbele kama kobe, kishushe. Akisikia kobe anacheka, hapo hapo nabonyeza.

Wa Nansio: 😂 Kobe naiba. Huku umeme ukikatika tunahamia dirishani. Pazia jeupe, mteja ubavu kwa dirisha, upande wa pili kadibodi iliyovikwa foili ya jikoni, irudishe mwanga. Wateja wengine sasa wanaomba "ile ya dirishani".

Mgeni, Sengerema: Wenye miwani je? Taa inajaa kwenye vioo.

Wa Igoma: Pandisha taa zaidi. Ikigoma, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio, vioo vitainama.

Wa Buzuruga: Mimi nusu ya kila picha ilitoka nyeusi. Nikajua kamera imekufa, mbio kwa fundi. Kumbe nilikuwa napiga kwa spidi ya shata 1/500 ya sekunde, na flashi yangu haiendi na spidi hiyo. Fundi akashusha hadi 1/160, ikapona. Sekunde kumi tu, na hela ya ufundi akachukua.