Posho ya mwanafunzi wa uzamivu na simu za nyumbani: mnagawaje?

Mtoto wa Muleba aliuliza:

Wadau, salaam. Naomba ushauri kutoka kwa wale waliosoma, au wanaosoma, uchumi katika ngazi ya uzamivu nje ya nchi. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera, na sasa nipo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Wisconsin, Marekani.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kama wengi mnavyoujua. Tangu Septemba hadi Mei tulisoma maikroekonomia, makroekonomia na ekonometriki, kila wiki na maswali yake ya kukesha nayo, kisha Juni tukaingia kwenye mitihani ya kufuzu, ambayo anayeanguka mara mbili huondoka na shahada ya uzamili tu. Makroekonomia nilifaulu mara ya kwanza. Maikroekonomia niliirudia Agosti. Hayo yamepita. Linaloninyima usingizi leo ni fedha, na hasa fedha za kutuma nyumbani.

Posho yangu naipata kwa kazi ya usaidizi wa kufundisha, saa 20 kwa wiki, ambazo ndizo mwisho wa saa ninazoruhusiwa na viza ya mwanafunzi wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Hulipwa kwa miezi tisa. Miezi mitatu ya kiangazi kila mtu hujitafutia mwenyewe. Pango huchukua karibu nusu ya posho, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, sina msamaha ambao baadhi ya wenzangu kutoka nchi nyingine wanaupata. Nyumbani hayo hayajulikani. Linalojulikana ni kwamba nipo Marekani na nalipwa kwa dola.

Februari iliyopita simu iliita saa kumi alfajiri, yaani saa saba mchana kwa saa za Muleba. Nje theluji ilikuwa imezifunika baiskeli hadi kwenye viti. Mama hakuniomba fedha. Aliniambia kwamba mjomba amelazwa na daktari ameandika vipimo, kisha akanyamaza, na anayemfahamu mama anajua kwamba kule kunyamaza ndiko kuomba kwenyewe. Nilituma dola 150, na wiki mbili zilizofuata nikala wali na maharage mchana na usiku.

Siku chache baadaye, katika somo la uchumi wa maendeleo, tulipewa kazi ya kuchambua takwimu za kaya za Kagera, zile zilizoanza kukusanywa mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900, na ambazo watafiti walirudi kuzifuatilia mwaka 2004 na 2010, hadi kwa watu waliokwisha kuhama. Kila mstari ni kaya moja, bila jina, kwa namba tu. Nilikaa muda mrefu mbele ya safu inayoonyesha misaada ambayo kaya imepokea kutoka kwa ndugu aliye mbali. Wenzangu walikuwa wakijadiliana kama mistari yenye sifuri ibaki au iondolewe, nami nilikuwa nikiwaza mstari wa mama yangu ungesomekaje.

Swali langu ni hili: je, ninyi mliweka kiwango maalumu cha kutuma? Mliwaambia ndugu ukweli kuhusu posho, au mliificha? Nakiri kwamba nimeanza kufikiria kuificha.

---

Msomi wa Magharibi alijibu:

Ndugu yangu, pole kwa mjomba, na hongera kwa kuvuka mitihani. Mimi ni Mkenya wa Kakamega; nilimaliza uzamivu Uingereza miaka michache iliyopita, na uliyoyaandika nimeyaishi.

Kwa kuwa umekwisha kufungua takwimu za Kagera, nenda moja kwa moja kwenye makala ya Joachim De Weerdt na Kalle Hirvonen, iliyotumia takwimu hizohizo kuchunguza jinsi ndugu waliohama na waliobaki wanavyobebana wakati wa majanga. Walikuta kwamba janga likimpata aliyebaki, matumizi ya aliyehama hupungua, kwa maana kwamba anatuma. Lakini janga likimpata aliyehama, hakuna kinachorudi kutoka nyumbani. Bima inakwenda upande mmoja. Walipokadiria gharama yake, waliona kwamba aliyehama hupoteza kati ya asilimia 3 na 5 ya ukuaji wa matumizi yake, kiasi ambacho kwa maoni yao hakitoshi kumrudisha nyuma kimaisha.

Matokeo hayo yalinituliza sana nilipoyasoma mara ya kwanza. Hata hivyo yasome kwa uangalifu, kwa sababu watu wale walihama ndani ya Tanzania wakaingia kwenye kazi na biashara, na kipato chao kiliweza kukua. Posho ya mwanafunzi kwa kawaida haikui hivyo. Hubaki karibu kiasi kilekile mwaka hadi mwaka, na kila unachotuma unakitoa kwenye chakula au kwenye nauli, kama ulivyoona mwenyewe mwezi Februari. Kwa hiyo usijipime kwa wastani wa asilimia 3 hadi 5, wala usijilaumu ukiona wewe unaumia zaidi ya hapo.

Kuhusu kuficha, nitasema wazi. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini Kenya, wakawapa washiriki fedha za kuwekeza, wengine hadharani na wengine kwa siri. Wanawake, hasa waliokuwa na ndugu zao palepale, walikubali kupata kidogo zaidi ilimradi kipato chao kisijulikane. Kuficha kuna gharama, na wale kina mama waliilipa kwa kukosa faida. Mimi niliilipa kwa njia nyingine. Mwaka wa tatu nilipata nyongeza ya ufadhili na sikuwaambia watu wa nyumbani. Kaka yangu alikuja kuiona habari hiyo kwenye tovuti ya idara yetu, pamoja na picha yangu nikitabasamu. Hakunigombeza. Aliacha tu kunipigia simu kwa muda wa karibu mwaka mzima, na mwaka huo ndio mrefu kuliko yote niliyokaa huko.

Baada ya hapo tulianzisha chama cha ndugu watano. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile kila mwezi, dada yetu anashika hesabu kwenye simu, na ugonjwa ukitokea fedha inatoka kwenye chama. Kwanza, mgonjwa anasaidiwa siku ileile bila kungoja niamke. Pili, ombi haliji tena kwangu peke yangu. Tatu, ninatuma mara moja kwa mwezi badala ya mara nne, na hilo si dogo. Mataifa yaliahidi kushusha gharama ya kutuma fedha hadi chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, lakini Afrika kusini mwa Sahara imebaki kuwa eneo ghali kuliko yote duniani kutumiwa fedha. Ukikatwa dola 4 kwa kutuma dola 50, umepoteza asilimia 8 kabla mama hajafika kwa wakala.

---

Binti Tanga alijibu:

Kaka, mimi nasoma uzamili wa uchumi mjini Bonn, kwa hiyo hali yangu inatofautiana kidogo na yako, lakini kuna jambo moja lililonisaidia.

Ujerumani hukupa viza baada ya kuonyesha kwamba una fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, ambayo tangu mwaka 2024 inatakiwa iwe na euro 11,904 kwa mwaka, nawe unaruhusiwa kutoa 992 tu kwa mwezi. Fedha hiyo walinichangia wazazi, shangazi wawili na baba mdogo aliyeuza shamba la minazi. Kwa hiyo mimi nilifika huku nikiwa tayari na deni la watu wa nyumbani, na kila walipopiga simu nilisikia deni hilo hata pale walipokuwa wakinisalimia tu.

Siku moja nilimpigia baba kwa video, nikaweka daftari mbele ya kamera, nikaandika naye: pango, bima ya afya ambayo ni lazima, chakula, na hata ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Baba aliniuliza ada hiyo mara mbili, akidhani hajasikia vizuri. Tulipofika chini ya ukurasa alikaa kimya, kisha akaniuliza kama ninakula samaki. Tangu siku hiyo ni yeye anayewajibu shangazi zangu wanapouliza.

---

Dada Mkubwa Mwanza alijibu:

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini nyote mnatuma. Mimi napokea. Mdogo wangu yuko Kanada, naye alisoma masomo hayohayo yenu.

Niwaambie jambo ambalo huenda halimo kwenye takwimu zenu. Udogo wa fedha hautuumizi kama mnavyodhani. Kinachotuumiza ni kutojua. Mwaka wa kwanza alituma mara tatu mfululizo, nasi tukaamini kwamba ndivyo itakavyokuwa. Nikakopa kwenye kikundi chetu cha VIKOBA kwa ajili ya ada ya watoto, nikijua mwezi wa sita nitalipa. Mwezi wa sita hakutuma, wa saba hakutuma, na simu akawa hapokei kwa aibu. Riba ikaendelea. Kumbe na yeye alikuwa na miezi yake ya kukosa posho, kama wewe, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kuna kitu cha namna hiyo. Sisi tunaelewa mtu asiyelipwa likizo. Walimu wa shule binafsi wa hapa mtaani wako hivyohivyo.

Mwambie mama yako kiasi na tarehe. Mwambie pia miezi ambayo hakitakuwepo. Atapanga. Wamepanga kwa kidogo kuliko hicho tangu hujazaliwa.

---

Mtoto wa Muleba aliandika tena:

Nawashukuru wote. Dada wa Mwanza, shikamoo, na asante zaidi.

Jumapili nilimpigia mama, na safari hii nilipiga mimi, jioni ya kwao, wakati ametulia. Nilimsomea hesabu yote kama Binti Tanga alivyoelekeza. Nilimwambia kwamba nitaweza dola 60 kila tarehe 5, kuanzia Septemba hadi Mei, na kwamba Juni, Julai na Agosti sina uhakika. Nilijiandaa kumsikia akinyamaza. Badala yake aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini nilikuwa nikijisumbua kutuma miezi hiyo, ilhali ndiyo miezi ya kuvuna kahawa na nyumbani huwa pana fedha. Shida yao, alisema, huanza Novemba kahawa ikishakwisha, na huwa mbaya zaidi Januari shule zinapofunguliwa.

Kiangazi kilichopita nilikopa ili nimtumie. Kalenda ya kahawa naijua tangu utotoni, na sikuwahi kuiweka kando ya kalenda ya posho.

Mjomba ametoka hospitalini. Msomi wa Magharibi, naomba utueleze jinsi mlivyokubaliana kiwango cha mchango katika chama chenu, maana sisi tuko sita na wawili kati yetu hawana kazi.