Naomba ushauri: bwawa la perege limegeuka kijani kibichi

Habari za leo wanajamvi. Nipo Chamwino, Dodoma. Nina bwawa la mita 10 kwa 15, kina mita moja hivi, lina perege kama 400 wa miezi minne.

Tangu joto la Oktoba lianze, maji yamekuwa mazito kama uji wa mlenda. Nikizamisha mkono, kiganja kinapotea hata kabla maji hayajafika nusu ya kwenda kwenye kiwiko. Alfajiri samaki wote wako juu wanahema midomo wazi, lakini ikifika saa nne wanatulia. Najua mwani, yaani vile vimea vidogo vinavyogeuza maji kijani, hutoa oksijeni mchana na usiku huivuta, kwa hiyo hapo sishangai. Kosa ni langu: nilimwaga samadi ya kuku kila wiki, nikidhani nawalisha samaki, kumbe narutubisha mwani.

Samadi nimeacha wiki mbili sasa. Utando wa juu nautoa kwa chandarua, kesho yake umerudi. Kubadili maji yote siwezi, ya kisima nanunua kwa boza.

Je, nikitoa robo tu ya maji kila wiki itasaidia? Na nikiua mwani kwa dawa, ukioza si ndiyo utamaliza hewa kabisa?