Taa ya nje yenye sensa: nataka swichi ya kuiwasha mfululizo

Swali
Wakuu, taa ya fladi ya LED, wati 50, inawashwa na sensa ya mwendo iliyofungwa pembeni yake. Kuna siku nahitaji iwake usiku kucha, kisha irudi kwa sensa. Sensa ina waya tatu: kahawia, bluu, nyekundu. Nikiunga kahawia na nyekundu, kuna ubaya?

Jibu
Haitalipuka, ila itawaka hata mchana. Kahawia ni laivu (waya unaoleta umeme) inayoingia, nyekundu ni laivu inayotoka kwenda kwenye taa (rangi hubadilika, fuata mchoro wa sensa yako). Weka swichi ya kawaida kati ya hizo mbili. Ukiizima, sensa inaendelea na kazi yake. Ukiiwasha, umeme unairuka. Bluu ni nyutro (waya unaorudisha umeme), iache ilivyo. Kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa pitisha kebo ya 1.5 mm² yenye laivu ya kudumu (ina umeme muda wote), laivu ya swichi (ina umeme swichi ikiwashwa tu), nyutro na ethi (waya wa usalama uendao ardhini).

Kabla ya kutoboa ukuta, soma karatasi ya sensa. Baadhi ya sensa zinashikilia taa iwake mfululizo ukizima na kuwasha swichi mara mbili harakaharaka.

Jibu
Nakazia: laivu inayoingia kwenye swichi itoke sakiti ileile ya sensa, yaani njia ya umeme yenye breka moja. Ukiichukua kwingine, utazima breka moja na waya utabaki na umeme kupitia nyingine. Kama nyumba ina fezi tatu (laivu tatu tofauti) ni balaa zaidi, sensa ikiwasha inagonganisha fezi mbili, volti 400 hivi. Zima breka, pima kwa testa, na testa yenyewe uijaribu kwanza penye umeme.

Muuliza swali
Na nikitaka kuizima kabisa?

Jibu
Swichi ya nafasi tatu yenye kuzima katikati. Laivu iingie kwenye komoni (sehemu ya pamoja ya swichi), upande mmoja uende kahawia ya sensa, wa pili uende nyekundu. Kasoro yake ni kwamba sensa inakosa umeme, na ukiirudisha huchukua nusu dakika au zaidi kutulia. Taa kuwaka yenyewe muda huo si ubovu.

Haya yote ni kwa sensa yenye nyutro. Ile ya waya mbili hupata umeme kupitia taa, kwa hiyo ukiiruka, sensa yenyewe inazimika.

Kebo iingilie chini ya boksi, si juu, maji yasiifuate ndani.