Programu ya duka inagoma kusoma databesi ya Dar nikiwa tawi la Mwanza, msaada wakuu

spea_kkoo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya seva na databesi. Tuna duka la spea za pikipiki na bajaji Kariakoo na sasa tumefungua tawi Mwanza. Programu ya kuuzia tulitengenezewa na kijana mmoja kwa VB.NET, databesi yake ni SQL Server 2019 Express, ipo kwenye kompyuta ya ofisini Dar, na kompyuta za kaunta zinasoma humohumo kupitia waya, hazijawahi kusumbua. Nikaiweka ileile kwenye laptopu ya Mwanza nikaandika 192.168.1.10\SQLEXPRESS kama ilivyo huku Dar, inazunguka wee alafu inaleta kosa namba 26, kwamba seva haionekani. Fundi mmoja wa Mwanza akasema kwenye rauta ya Dar tufungue poti 1433 (mlango unaotumiwa na SQL Server) alafu Mwanza tuandike ile IP ya nje. Tumefanya hivyo bado inagoma, saizi kosa limekuwa namba 40. Intaneti ya pande zote mbili ni rauta za laini ya simu.

Bosi anataka aone stoo zote mbili sehemu moja, maana kwa sasa mteja akiulizia kitu tunapigiana simu kwanza, na simu isipopokelewa mteja anaondoka. Shida iko wapi hapa?

fundi_waya

Mkuu hapo kuna matatizo mawili yamekaa pamoja, tuyatenganishe kwanza maana ukiyachanganya utabadilisha setingi usiku kucha na hutajua ipi imesaidia.

La kwanza, 192.168.1.10 ni namba ya ndani tu. Kila gesti ina chumba namba 10, ukiwa Mwanza ukiuliza chumba namba 10 utapelekwa cha gesti ya Mwanza, cha Dar hukifikii. Kwahiyo ile laptopu ilikuwa inaitafuta seva humohumo ndani ya tawi, haipo, ndo ukapata 26.

La pili, kufungua poti kwenye rauta ya laini ya simu mara nyingi hakusaidii kitu, kwasababu kampuni za simu hazikupi IP ya nje ya peke yako, wateja kibao mnatoka kwa IP moja, wenyewe wanaita CGNAT. Ingia kwenye ukurasa wa rauta ya Dar, sehemu ya WAN (upande wa intaneti), soma IP iliyoandikwa pale. Kama inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, au haifanani na ile ya nje uliyoandika Mwanza, basi hata ufungue poti zote hakuna kitu kutoka nje kitakachofika kwenye rauta yako.

Alafu na seva yenyewe iweke sawa. SQLEXPRESS kwa kawaida haikai 1433, inajichagulia poti yake, na kaunta zako zinaijua kwa kuiuliza SQL Browser, huduma inayotaja poti hiyo, kwenye UDP 1434. Fungua SQL Server Configuration Manager, nenda TCP/IP ya SQLEXPRESS, shuka mpaka IPAll, futa kilichopo kwenye TCP Dynamic Ports ibaki tupu, kwenye TCP Port andika 1433, uristati huduma. Ruhusu 1433 kwenye fayawoli ya Windows. Baada ya hapo kaa kwenye kaunta mojawapo hapohapo Dar, fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 1433

Ikijibu TcpTestSucceeded : True seva iko vizuri, habari ya Mwanza inakuwa ni njia tu. Ikijibu False usihangaike na Mwanza kabisa, maliza hapo kwanza. Na ukishaipa poti ya kudumu kwenye programu unaandika 192.168.1.10,1433 yani koma, sio nukta mbili, wengi wanakwama hapo.

kijana_wa_mtandao

Wakuu mnamzungusha jamaa. Aombe IP ya kudumu kwa mtoa huduma wake, afungue 1433 kwenye rauta, kazi imeisha. Nina mteja anatumia hivyohivyo na anauza kila siku bila shida.

dada_seva

Kaka hapana, hili siwezi kuliacha lipite, kuna watu watasoma uzi huu baadae wakafanye hivyo kwenye maduka yao.

SQL Server ikikaa wazi kwenye intaneti hakuna haja mtu akujue wewe wala duka lako. Kuna programu zinapita IP moja baada ya nyingine usiku na mchana zinajaribu 1433 kwa jina la sa (akaunti kuu ya SQL Server) na paswedi za kubahatisha. Fungua logi ya seva ya huyo mteja wako uangalie kama hakuna kosa 18456 (mtu kakataliwa kuingia) limejirudia mfululizo kutoka IP za nchi ambazo hana mteja hata mmoja. Na sio paswedi tu. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi cha Slammer kilipita UDP 1434, ile poti ya Browser aliyoitaja fundi_waya, hakikuuliza paswedi ya mtu, kilikuwa baiti 376 tu na ndani ya dakika kama 10 kilishaingia kompyuta takriban 75,000. Na Microsoft walikuwa wameshatoa marekebisho tangu Julai 2002, watu hawakuyaweka. Sasa niambie kompyuta ya duka, ambayo apdeti inaahirishwa kila siku kwasababu kuna foleni ya wateja, ndo unaiweka wazi dunia nzima? Humo ndani kuna bei za kununulia, kuna madeni ya watu, kuna namba zao za simu. Hizo taarifa wamekuamini nazo.

spea_kkoo, ile poti mliyofungua ifungeni leo hiihii, hata kama haifiki popote, maana siku mtoa huduma akikubadilishia IP itakuwa wazi na hutajua.

Njia ya kwenda nayo ni VPN, yani njia yenu ya siri inayopita juu ya intaneti na kuunganisha ofisi zote mbili. Mimi natumia WireGuard, ni nyepesi na ni bure. Kwa kuwa pande zote mbili mko kwenye laini za simu hakuna anayeweza kumpigia mwenzake moja kwa moja, kwahiyo unakodi seva ndogo ya mtandaoni yenye IP ya nje, ndogo kabisa inatosha, alafu Dar na Mwanza zote zinaipigia hiyo na kukutana hapo. Mfano seva ya kati unaipa 10.8.0.1, kompyuta ya Dar 10.8.0.2, laptopu ya Mwanza 10.8.0.3. Kwenye seva ya kati unafungua UDP 51820 peke yake na unawasha net.ipv4.ip_forward, ukisahau hii kila upande utaiona ya kati lakini hawataonana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye Dar na Mwanza weka AllowedIPs = 10.8.0.0/24 na PersistentKeepalive = 25, bila hiyo namba ya mwisho laini ya simu inasahau njia ukikaa kimya kidogo, asubuhi mnakuta hakuna mawasiliano na mnadhani seva imekufa.

Programu ya Mwanza utaandika 10.8.0.2,1433. Hata kama ofisi zote mbili zinatumia 192.168.1 haina shida kwasababu hizo namba hazipiti humo. Na fayawoli ya Dar iruhusu 1433 kutoka 10.8.0.0/24 na 192.168.1.0/24 basi. Kama kukodi seva unaona mzigo, angalia Tailscale, inatumia WireGuard ndani yake na inawakutanisha yenyewe.

spea_kkoo

Asanteni sana, mmenifungua macho. WAN ya Dar ilikuwa inasoma 100.8x kwahiyo ni hiyo CGNAT kweli. Tumekaa na kijana wetu tukafanya kama dada alivyoelekeza, tukachukua seva ya kati, na ile Test-NetConnection kutoka Mwanza inasema True. Ila programu saizi inasema kosa 18456 wakati jina na paswedi tumetengeneza wenyewe na tumeandika sawasawa.

fundi_waya

18456 ni habari njema mkuu. Maana yake njia imeshapita, mnaongea na seva, ni seva ndo inakataa mwenye jina. SQL Server ukiiinstoli bila kubadilisha kitu inakubali akaunti za Windows tu, jina ulilotengeneza ndani yake halikubaliwi hata liwe sahihi. Fungua SQL Server Management Studio, nenda kwenye Properties za seva, sehemu ya Security, chagua ile ya aina zote mbili (SQL Server and Windows Authentication mode), uristati huduma tena. Tawi la Mwanza lipe jina lake peke yake, lisiguse sa, na haki zake ziishie kwenye databesi hii ya duka.

Ikileta malalamiko ya cheti kisichoaminika, hiyo ni draiva mpya, kuanzia ODBC 18 wanalazimisha usimbaji wenyewe. Kwa kuwa mko ndani ya VPN yenu wenyewe unaweza kuweka TrustServerCertificate=yes ikaendelea.

spea_kkoo

Imekubali wakuu!! Bosi ameona stoo ya Dar akiwa Mwanza amefurahi sana. Sasa kimebaki kimoja, orodha ya bidhaa Dar inafunguka palepale lakini Mwanza tunasubiri karibu nusu dakika. Bidhaa ni kama 400. Nikiping 10.8.0.2 inasoma 60 kitu, bando liko vizuri video zinacheza bila kukata. Kijana anasema programu inachukua kwanza majina yote alafu inauliza idadi ya kila bidhaa peke yake.

dada_seva

Jibu amelitoa kijana wako mwenyewe. Kila swali linaenda Dar na kurudi, milisekunde 60. Maswali 400 mara 60 ni sekunde 24, ndo hiyo nusu dakika yenu. Kwenye waya wa ofisini safari moja haifiki milisekunde 1 ndo maana Dar hakuna aliyewahi kugundua. Kununua bando kubwa hakubadilishi kitu hapo, kasi ya kushusha video na muda wa kwenda na kurudi ni mambo mawili tofauti. Na mshukuru seva yenu ya kati haiko mbali, ungeichukua Ulaya kila swali la Mwanza lingeenda Ulaya ndo lirudi Dar, na jibu vilevile.

Mwambie aunganishe majedwali kwa JOIN alete vyote kwa swali moja, na bora zaidi asilete 400, muuzaji aandike herufi za mwanzo aletewe zinazofanana tu. Wakati anarekebisha mnaweza kutumia Remote Desktop kupitia hiyohiyo VPN, programu inakaa Dar karibu na databesi yake, Mwanza inasafiri picha tu ya skrini. Ila kompyuta inayoingiwa lazima iwe Windows Pro, Home haipokei, na ni mtu mmoja kwa wakati, wa Mwanza akiingia aliyekaa mbele yake anafungiwa skrini. Kwahiyo tengeni kompyuta ya akiba kwa kazi hiyo. Na 3389, poti ya Remote Desktop, nayo msiifungue nje, lile tundu la usalama la BlueKeep la 2019 lilikuwa hukohuko.

mzee_wa_stoo

Vijana mmefanya kazi nzuri sana. Naongeza jambo ambalo kwa biashara naliona kubwa kuliko hiyo kasi. Mwanza itauzaje siku njia imekatika?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, intaneti ya Tanzania ikawa ya shida nchi nzima. Waliokuwa na databesi nje ya nchi walikaa bila kazi. Na hatuhitaji kufika baharini, umeme wa Kariakoo ukikatika na kompyuta ya Dar ikazima, Mwanza yenye umeme na wateja mlangoni haiuzi. Kwahiyo kwa kuanzia weka UPS (betri ya akiba) kwenye kompyuta ya Dar na kwenye rauta pia, watu wanaisahau rauta, na kwenye BIOS iseti ijiwashe umeme ukirudi, kwenye Windows uzime kulala.

Kwa muda mrefu Mwanza iwe na Express yake, iuze humo, alafu kila baada ya dakika kadhaa ipeleke Dar mauzo yake na kuchukua ya Dar. Ila hapo msibadilishane idadi zilizobaki. Dar ikisema zimebaki 12 na Mwanza ikisema zimebaki 9 nani yuko sahihi? Andikeni matukio, imeuzwa 3, imeingia 20, imehamishwa 5, na idadi ipatikane kwa kujumlisha matukio. Matukio hata yakichelewa siku nzima hesabu inakaa sawa. Na kila uuzaji risiti na kupungua kwa stoo viandikwe ndani ya muamala mmoja, laini ikikatika katikati vyote virudi nyuma, isije stoo ikapungua na risiti haipo, alafu mwisho wa mwezi muuza duka anadaiwa kitu hajachukua. Nimeona watu wanafukuzwa kazi kwa hilo na hawakuiba.

spea_kkoo

Mzee hilo la mwisho limenigusa maana hapa kaunta ni wadogo zangu. Tumekubaliana hivi, kuanzia wiki hii Mwanza wanatumia Remote Desktop kwenye kompyuta ya akiba, kijana anarekebisha yale maswali, alafu tunaenda kwenye hiyo ya matukio. Swali moja tu, risiti zetu zinahesabu 1, 2, 3 zenyewe, Mwanza ikiwa na databesi yake si zitagongana?

mzee_wa_stoo

Zitagongana siku ya kwanza. Ndani ya databesi kila risiti ipewe uniqueidentifier, yani namba ndefu ya kipekee, SQL Server inatengeneza kwa NEWID() na haitajirudia kwa matawi yenu. Hiyo mteja haioni. Namba inayochapishwa iwe na alama ya tawi mbele, DSM-000123 na MZA-000123, kila tawi lihesabu zake. Na zile za zamani msizibadilishe namba, ziwekeeni tu alama ya tawi la Dar kwenye safu mpya.