Kikantoni: "mbwembwe" za sherehe wanaziitaje?

mfasiri_tanga: Wakuu, natafsiri masimulizi ya karamu ya harusi ya Hong Kong: meza 50 za watu 12, nguruwe mchanga wa kuchoma, bibi harusi kajazwa bangili za dhahabu. Mgeni analalamika kwamba mambo yamepitiliza. Kamusi inanipa 豪華 (hou4 waa4, "ya kifahari"; namba ni za toni), lakini hilo naona linasifu tu.

kantoni_kila_siku: Umeona vizuri, hou4 waa4 ni la matangazo ya hoteli. Tumia 大陣仗, daai6 zan6 zoeng6. 陣仗 asili yake ni jeshi lililojipanga vitani, na 大 ni "kubwa". Yaani mtu katoa jeshi zima kwa jambo la kawaida, ndiyo maana linafaa hata polisi wakipeleka magari kumi kumkamata kibaka mmoja. Mgeni wako aseme: 使唔使咁大陣仗呀? (sai2 m4 sai2 gam3 daai6 zan6 zoeng6 aa3), "Mbwembwe zote hizi za nini?" Usiiache 咁, "kiasi hiki", maana lawama imekaa hapo. Ukiweka 好 (hou2, "sana") badala yake, unaeleza ukubwa tu.

toni_sita: Kama utalisoma 大陣仗 kwa sauti, silabi zote tatu ni toni ya 6: chini, bapa. Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi "zan" inapanda na kuwa zan1, "kweli". Z yake si ya "zawadi", ni "ts" isiyotoa pumzi. "Oe" ni irabu moja: ulimi useme "e", midomo iviringe kama ya "o".

kantoni_kila_siku: Nyongeza: usimpe 巴閉 (baa1 bai3). Hilo humlenga mtu na majivuno yake, 好巴閉咩? ni "unajiona nani?", na hapo ugomvi umeanza. Akikerwa na picha za bangili mtandaoni, kuna 曬命 (saai3 meng6), kuanika maisha yako juani. Nalipenda sana hili, linaingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa. 鋪張 (pou1 zoeng1) ni israfu ya magazetini.

mfasiri_tanga: Na kama anamwambia mama mwenye shughuli mwenyewe?

toni_sita: Hapo 唔使咁大陣仗 (m4 sai2 gam3 daai6 zan6 zoeng6) hugeuka adabu ya mgeni: "Jamani mama, umejisumbua mno." Angalia kwanza anaongea na nani, ndipo uchague tafsiri.