Betri ya maji 200Ah haivuki tena usiku, fundi anataka kuongeza asidi. Nifanyeje?

DukaLaPwani: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kilwa, huku kwetu umeme wa gridi haujafika. Nina betri ya sola ya maji, dipu saiko (ile ya kutumika na kuchajiwa kila siku), 12V 200Ah, ina mwaka na nusu. Paneli mbili za 150W, kontrola ya kuchajia, aina ya PWM, ya 30A. Inabeba taa, TV na friji ndogo ya soda. Zamani nilikuwa nalala na taa inawaka, siku hizi saa nne usiku inveta inaanza kulia. Mchana kontrola inagota 14.1V, taa ya kijani inawaka kwamba imejaa. Seli mbili maji yameshuka hadi pleti zinaonekana. Fundi anasema tuongeze asidi ipate nguvu. Wengine wananiambia nihamie lithiamu, ila hela hiyo sina. Naombeni ushauri.

FundiJua: Mkuu, asidi usikubali kabisa! Kinachopungua betri ikichajiwa ni maji, yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Asidi yenyewe imebaki humo. Ukiongeza nyingine utapata mchanganyiko mkali unaokula pleti. Nunua maji ya betri yasiyo na asidi, na usome lebo ya chupa kabla ya kulipa. Ya kisima au ya kunywa yana madini, yaache.

Leo weka kidogo tu, pleti zifunikwe. Chaji hadi ijae, ndipo uongeze mpaka karibu na mdomo wa ndani wa tundu. Ukijaza kwanza, maji yatapanda wakati wa kuchaji na kumwagika na asidi.

Halafu hiyo 14.1 inanipa shaka. Angalia kontrola imewekwa aina gani ya betri. Ikiwa kwenye jeli (betri ya aina nyingine), inaishia kama 14.2V, na betri ya maji inataka 14.4 hadi 14.8 kwenye joto la nyuzi 25, tena ishikiliwe saa kadhaa mpaka ampea zinazoingia zishuke kwenye 2 hadi 4. Kwa joto la Kilwa punguza kama 0.03V kwa kila nyuzi inayozidi 25. Betri isiyofika hapo kila siku hujenga salfati, yaani ukoko mweupe, kwenye pleti, na ikigandamana haitoki.

Msambaa_wa_Bonde: Hiyo imeshakufa, ndugu. Nunua mpya.

FundiJua: Akifunga mpya kwa mpangilio huohuo, nayo itakufa vilevile. Apime kwanza.

BintiUmeme: Kaka, mimi naona friji. Paneli zako zikipata saa 5 za jua kali zinaingiza kama 80Ah, na betri ya maji hairudishi yote unayoipa. Unabaki na 70Ah hivi za kutumia. Friji ndogo pekee inaweza kumaliza hizo kwa siku, bado TV na taa. Kwa hiyo kila siku betri inabaki na deni, hata kontrola ikirekebishwa. Ongeza paneli ya tatu ya aina hiyohiyo: utapata kama 25A, kontrola yako inazimudu na betri ya 200Ah inazipenda. Kwa sasa zima friji usiku, na betri isishuke chini ya nusu.

Tafuta na haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi ndani ya seli. Haina bei kubwa, na inakuambia ukweli wa kila seli kuliko taa ya kijani. Betri iliyojaa inasoma 1.265 hadi 1.280.

DukaLaPwani: Asanteni sana. Kweli ilikuwa kwenye jeli, nimebadilisha. Friji nazima usiku. Baada ya siku kadhaa za jua seli tano zinasoma 1.240, moja 1.210.

BintiUmeme: Hapo pana matumaini, kaka. Seli iliyokufa huachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi. Washa hatua ya kusawazisha kwenye kontrola, yaani chaji ya volti za juu kidogo ya kulinganisha seli. Nyingi za PWM zinafika 14.8V tu, kwa hiyo irudie siku nyingine za jua. Hakikisha maji yako kwenye kiwango, tenganisha inveta na vyombo vyote, vizibo viwe vimefungwa, madirisha wazi. Sigara na jiko viwe mbali, haidrojeni inalipuka. Vaa miwani na glavu, pima kila saa. Namba zikiacha kupanda, simamisha. Ile ya 1.210 ikigoma kabisa kuwafuata wenzake, rudi hapa utuambie kabla hujamwita fundi yule.