Mrejesho: ngiri kwenye kovu la upasuaji wa uzazi

Assalaam alaykum. Mimi ni yule wa Wete niliyeuliza kuhusu uvimbe juu ya kovu la upasuaji wa uzazi: nikikohoa unatoka kama yai, nikilala unarudi ndani. Ahsanteni sana nyote.

Mlinieleza kwamba ni ngiri, yaani vya ndani ya tumbo vinatokeza kwenye tundu la msuli, na tundu hilo halijizibi kwa mkaja, nikaacha kujifunga. Nikavuka kwa boti hadi Unguja, nikatibiwa kikohozi kwanza kama mlivyosisitiza, kisha nikapasuliwa. Daktari aliweka wavu wa kuimarisha tundu nyuma ya msuli, maana kushona kwa nyuzi peke yake huachia zaidi.

Siku ya 9 pakavimba palepale. Nililia, nikijua ngiri imerudi. Kumbe ni majimaji yaliyojikusanya. Yalikauka yenyewe baada ya wiki kadhaa, bila kutobolewa.

Kilichonishinda ni kupunguza uzito: kilo 2 tu. Na pembeni ya kovu bado pana ganzi. Ndoo za maji ananichotea wifi yangu, Mungu amlipe.

Dada uliyeniandikia kwamba uvimbe ukiwa mgumu na kuuma, nawe ukawa unatapika, usingoje asubuhi kwenda hospitali: nimemwambia na jirani yangu, naye anao.